Gari la Viti Viwili

Mfikirieni dereva mmoja, ndugu zangu. Kazi yake ilikuwa kuchukua magari ya watu bandarini na kuyafikisha mpakani, siku mbili njiani, kisha kurudi kwa basi na begi lake na vumbi lake. Miaka tisa alifanya hivyo. Alikuwa ameendesha mamia ya magari, na yeye mwenyewe hakuwa na hata baiskeli.

Siku moja akakabidhiwa gari ambalo hajapata kuliona ila kwenye kalenda. La njano, bapa, viti viwili tu, milango inafunguka kwenda juu kama mabawa ya kumbikumbi. Wakala aliyempa ufunguo hakuuachia mara moja.

"Unaliona hili? Ukoo wenu mzima mkiuzwa, pamoja na mbuzi wenu, hamfikii bei ya taa yake moja. Nikisikia umebeba abiria, usirudi mjini."

"Abiria gani tena, bosi? Hapo nikikaa mimi na begi langu, pamejaa."

"Nawajua nyie madereva."

Jioni ile akapiga simu nyumbani. Kwao kuko kando ya barabara hiyohiyo, na kwa miaka tisa amekuwa akipita bila kusimama, kwa kuwa baba yake alizoea kumwita mchungaji wa mali za watu. Lakini sasa, na gari lile! Mzee alipopokea, sauti yake ilikuwa nyembamba. Kifua kilikuwa kikimbana tangu wiki iliyotangulia.

"Baba, keshokutwa saa tano asubuhi tokeni barabarani. Nitapita na gari ambalo mkoa mzima hakuna mwenye nalo."

"Utasimama, au utapita kama kawaida yako?"

"Nitasimama, Baba. Nitakupandisha, nikuzungushe mpaka sokoni."

"Na mwenye gari je?"

"Mwenye gari hatajua."

Mzee akacheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Haya. Nitakungoja."

Kijana akaondoka. Kwanza alishangaa jinsi alivyokaa chini. Lami ilikuwa karibu naye hata akahisi angeweza kuipapasa. Akipita ubavuni mwa lori, tairi lilikuwa juu ya kichwa chake, nati za rimu zikimtazama machoni. Kila tuta alilivuka mshazari, polepole, amebana pumzi. Injini haikuwa mbele, ilikuwa mgongoni pake, ikimnguruma kwenye uti kama mnyama aliyeamka vibaya. Akikanyaga kidogo tu, mwili unabaki nyuma, roho inatangulia. Mmewahi, ndugu zangu, kupewa kitu kisicho chenu, kwa siku moja tu, mkaanza kujisikia kwamba ndicho ninyi wenyewe?

Kila kijiji watu walitoka. Wauza vitunguu waliacha ndoo zao. Wanafunzi walikimbilia ukingoni. Mikono juu, kijiji hiki, mikono juu, kijiji kile. Mwanzoni aliziona nyuso, akazipungia. Alipozoea mwendo, nyuso zikapotea, zikabaki rangi. Shati jekundu. Kanga ya kijani. Rangi, rangi, basi.

Siku ya pili, saa nne na ushei, simu ikatetemeka kwenye kiti cha pili. Dada yake. Kijana akacheka peke yake. "Wana haraka hao!" Ikalia tena. Ikalia mara ya tatu. Akaiacha.

Kabla ya kufika kwao kuna mteremko mrefu, mnyoofu, lami mpya. Akakanyaga. Mia na hamsini. Mia na tisini. Mbele akaona watu wamejaa barabarani kuliko vijiji vyote alivyopita, na moyo ukamfura. Wote hawa kwa ajili yangu! Lakini hapohapo wazo jingine likaingia. Nikisimama watalishikashika. Watalikwaruza. Kila mmoja atataka kupanda. Na mwendo huu, mtamu hivi, nitaupata lini tena?

"Nitasimama nikirudi," akasema kwa sauti, yeye na usukani, ndani ya gari ambalo halikuwa la kurudi.

Akapiga honi mara mbili, ndefu. Aliona blanketi la bluu na mikono mingi mno. Kisha hakuona kitu.

Mpakani mtu mmoja alipokea ufunguo, akasaini karatasi, hakumtazama. Simu ilikuwa imeisha chaji. Kijana akapanda basi, na kesho yake mchana akashuka kwao. Uani palikuwa na turubai. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mabenchi. Dada yake akainuka mkekani, akamjia.

"Kaka, ulituona?"

"Niliwaona. Niliwapigia honi."

"Tuliisikia."

Akamwambia yote akiwa amesimama. "Alfajiri kifua kilimkaba. Tukamtoa na kitanda chake mpaka barabarani. Lori la mbao likasimama. Yule dereva hatumjui hata kwa sura, Kaka, akasema, mpakieni mzee, nampeleka hospitali ya wilaya. Tukampandisha. Baba akatushika mikono. Akasema, nishusheni. Mwanangu anapita saa tano, ameniahidi, na gari lake lina mbio kuliko hili. Tukamshusha, Kaka. Kwa mikono yetu hii."

Kijana akaitoa mfukoni ile simu iliyozimika.

"Ulipopita aliinua mkono. Nikamwambia, Baba, amepita, ngoja nisimamishe gari jingine. Akakataa. Akasema, anatafuta pa kugeuzia huko mbele. Muacheni, atageuza. Saa saba akakata roho, amegeukia upande ulikoelekea."

Ndugu zangu, mtasema kosa lake ni mwendo. Mtasema ni majivuno. Mimi nasema hapana, lipo baya zaidi ya hayo, na ni letu. Kijana huyu angenyamaza tu, asingeahidi lolote, baba yake angepanda lori la mbao. Lingetembea taratibu, lingemrusharusha kwenye mashimo, na lingefika. Mzee alishushwa na ahadi.

Na sisi je? Tumewaambia wangapi, nitakuja, usihangaike na mwingine? Mjane wa ndugu yako ulimwambia usiombe kwa watu, mimi nipo. Ukapita. Yule mgonjwa tuliyemwombea hapa kwa sauti kubwa tukamwambia Jumamosi tunakuja wote. Jumamosi ngapi sasa? Tunadhani tukikawia, mtu hubaki pale tulipomwacha. Habaki. Yuko barabarani. Anawakatalia wengine kwa ajili yetu, anasema, muacheni, atageuza.

Kama hutasimama, mwambie leo. Aibu ya kumwambia itakuuma, na itapita. Mwache apande na mgeni.

Na kama utasimama, basi ibada ikiisha usije kunipa mkono mlangoni. Usiniambie mahubiri yalikuwa mazuri. Nenda kwake moja kwa moja.