Fundi na Koti Lililojua Njia

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Maana yake ni nyepesi: ulimi hauvunjiki kwa swali, lakini miguu huota malengelenge kwa kukosa jibu.

Fundi cherehani mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Najua, hakuwahi kuikubali methali hiyo. Hakumpima mteja kwa futi. Alimkodolea macho mara moja tu, akakata kitambaa. "Kumuuliza mtu kiuno chake," alipenda kusema, "ni kukiri kuwa huna macho." Mkewe, kinyume chake, aliuliza kila kitu, hata bei ya vitu asivyovitaka.

Binti yao alipokaribia kuolewa ng'ambo, fundi alimshonea gauni jeupe pe, akalifungasha ndani ya sanduku kubwa. Mpwa wake akawakatia tiketi za ndege mbili, za mashirika mawili yasiyojuana hata kwa salamu.

"Mjomba, mkifika uwanja wa katikati, ulizeni," kijana alisisitiza. "Ndege ya pili haina habari na ile ya kwanza."

"Nifundishe na kutembea basi!" fundi akamjibu.

Waliposhuka katika uwanja ule wa ugenini, watu walikuwa wakimiminika kama siafu na mishale ikielekeza kila upande. Harusi ilikuwa kesho yake. Wakiikosa ndege ya pili, binti angeolewa bila gauni na bila wazazi.

"Baba watoto, tumuulize yule dada pale dirishani," mkewe alisema.

"Ya nini? Sanduku wanalihamisha wenyewe. Sisi tumfuate huyu." Akamwonyesha bwana mmoja aliyevaa koti la kijivu. "Tazama mshono wa bega ule! Mtu aliyeshonewa hivyo hawezi kupotea."

"Kwani koti ndilo linalojua njia?"

"Wewe baki na maswali yako. Mimi naenda."

Fundi akalifuata koti unyounyo, kama mkia na ng'ombe. Koti likapanda ngazi, naye akapanda. Likakatiza maduka ya manukato, naye akakatiza huku akipiga chafya. Likashuka ngazi zilezile. Hatimaye likasimama mbele ya mlango uliofungwa kwa kufuli, na mwenyewe akageuka.

"Mzee, tumefika?"

"Tumefika wapi?" fundi akashtuka.

"Si wewe unayejua? Mimi nimepotea tangu nishuke. Ila kila nikigeuka nakuona nyuma yangu, huna hata wasiwasi, nikasema moyoni, kumbe niko sawa!"

Fundi akamsogelea. Hata ule mshono wa bega, alipoutazama kwa karibu, ulikuwa umekwenda upande.

Akamkimbilia askari. "Samahani, mwanangu. Mimi... sijui." Maneno hayo yalimtoka kwa uchungu kama jino. Akaeleza safari yake.

"Tiketi zenu mbalimbali?" askari akasema. "Basi mzigo haukuhamishwa, mzee. Pita uhamiaji, chukua sanduku lako, kisha panda juu ukajiandikishe upya. Kimbia, wanafunga!"

Fundi akatimua mbio. Uhamiaji wakamgongea muhuri akiwa anahema. Kwenye ukanda wa mizigo hakukuta sanduku. Akapanda juu mikono mitupu, akijiuliza atamtazamaje mwanawe.

Pale juu akasikia sauti anayoijua. Mkewe, aliyekwisha kumuuliza yule dada wa dirishani, alikuwa ameegemea kaunta, sanduku ubavuni mwake.

"Mama, nilipaswa kufunga zamani," karani alikuwa akilalamika.

"Nakuuliza tu, mwanangu. Mlango wa choo cha ndege unafungukia ndani au nje?"

"Ndani, mama. Sasa naomba..."

"Na rubani, ameoa?"

Karani akashika kichwa. Mama akageuka, akamwona mumewe anakuja kwa kuyumbayumba. "La mwisho, mwanangu. Huyu anayehema kama mvukuto ndiye mume wangu. Mnampokea?"

Karani akacheka mpaka machozi yakamtoka, akapokea pasi zao, akalipima sanduku na kulipeleka.

Ndani ya ndege fundi aliugeuzageuza mkanda wa kiti, ambao katika ndege ya kwanza aliukalia tu. Kisha akamwinamia mkewe sikioni, taratibu, asisikiwe na jirani.

"Mama watoto, hivi mkanda huu unafungwaje?"

Mkewe akamfungia bila kumcheka, ingawa mabega yalimtikisika. Ndege ikaruka na gauni la binti likiwa salama tumboni mwake, na Bwana Najua akakiri kwa kinywa chake mwenyewe kwamba, kweli, kuuliza si ujinga.