Shoka Lililoshikilia Turubai

Chagua chuma, mpini uko porini. Leo mmemsikia shangazi yenu akimwambia Naetwe maneno hayo, mkacheka, kwa kuwa Naetwe anataka kumkataa mchumba wa watu eti viatu vyake vimetoboka. Haya, chekeni mkimaliza mnisikilize. Maneno hayo yalianzia huku huku kwetu Upare, kwa mwanamke aliyeitwa Nakijwa.

Nakijwa alikuwa mjane, na binti yake alikuwa na mimba ya miezi minane. Masika ya milimani mnayajua. Mzazi na kichanga chake hawawezi kukaa siku arobaini bila moto, kwa hiyo kuni zilitakiwa zipasuliwe mapema, zikauke kabla ya mvua. Na shoka la Nakijwa lilikuwa limevunjika. Akajitwisha debe la maharage, la mwisho ghalani, akateremka gulioni pamoja na shemeji yake Mbazi, ambaye naye alihitaji shoka.

Mchuuzi alikuwa amepanga mashoka yake, mipini imenyooka, imepakwa mafuta inang'aa. Mbazi akanyakua moja, akalizungusha hewani, akajiona dume. Nakijwa yeye akaokota kokoto, akaligonga la kwanza. Likatoa mlio mfupi, kama bati. La pili vilevile, na la tatu. Hofu ikamwingia, maana hakuwa na debe jingine.

Ndipo akaliona shoka la zamani kwenye pembe ya turubai, limewekwa kuzuia upepo. Lilikuwa na kutu, mpini umepasuka na kufungwa kamba. Akainama, akaligonga. Chuma kikalia, na mlio ukadumu sikioni.

Mchuuzi akacheka. "Mama, hilo si la kuuza. Linashikilia turubai."

"Basi tafuta jiwe, baba. Nipe hilo kwa nusu debe."

Mbazi akaona haya. "Shemeji, watu wanatutazama. Utapasua nini na mpini huo?"

"Mpini nitaukata kwenye mkole, hapo njiani tunaporudi. Chuma kikiwa kibovu, nitakikata kwenye mti gani?"

Mchuuzi akapokea nusu debe, na Mbazi akalipia lake. Akalibeba shoka lake begani na kutangulia.

Kesho yake walianza kupasua magogo ya mzambarau. Hata mapigo kumi hayakufika, makali ya shoka la Mbazi yakajikunja. Akanoa, yakajikunja tena. La Nakijwa, kwenye mpini wake mpya wa mkole, lilipasua mpaka kuni zikafika darini.

Mvua ikaja, na mtoto akaja nayo. Moto haukuzimika hata siku moja. Siku ya tano Mbazi akabisha hodi, amelowa chapachapa, kuomba kuni za kupikia. Nakijwa akamtwika mzigo mzima. Kumsimanga alimsimanga, lakini kidogo tu.

"Siku nyingine, shemeji, chagua chuma. Mpini uko porini."

Sasa wewe Naetwe, niambie. Mama yako alipozidiwa mwezi uliopita na njia imeharibika, nani alimbeba mgongoni mpaka zahanati? Si huyo huyo wa viatu vilivyotoboka? Viatu viko dukani, mjukuu wangu. Chagua chuma, mpini uko porini.