Sahani ya Mzee Masele

Methali isemayo "kuuliza si ujinga" huijua kila mtoto wa shule, lakini wakubwa ndio huisahau mapema. Mtu akishasifiwa kwa jambo fulani, huona kuuliza ni kujivua nguo sokoni. Hubahatisha, hukosea, kisha hubahatisha tena, ilhali jibu limekaa chumba cha pili.

Mwanaima alikuwa mtu wa namna hiyo. Alizaliwa Tanga, akaolewa na Maduhu, fundi wa makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu pale Katoro, na kwa upishi hakuwa na mpinzani mtaani. Palipokuwa na harusi au msiba, yeye ndiye aliyeitwa kusimamia masufuria. Hata Klara, jirani yake Msukuma ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu, alikiri kwamba wali wa Mwanaima ungeweza kumtoa nyoka pangoni.

Mwezi Machi, mvua zikiwa zimekolea, Maduhu alimleta baba yake, Mzee Masele, kutoka kijijini karibu na Maganzo. Mzee alikuwa amefiwa na mkewe, na haikupendeza abaki peke yake katika kaya yenye nyumba tupu. Mwanaima alifurahi kutoka moyoni. Baba yake mzazi alimwacha angali mdogo, hivyo alijiambia kwamba sasa Mungu amempa mwingine.

Alimpokea kwa heshima zote alizozijua. Kila mlo alimwandalia mzee meza yake peke yake sebuleni, akatandika kitambaa cheupe, akafunika mabakuli, kisha akawafukuza watoto wasimsumbue babu. Maduhu alikula baadaye, akishatoka kazini, hivyo hakuona jinsi baba yake alivyoandaliwa.

Siku ya kwanza alipika wali wa nazi na kuku. Mzee alimega kidogo, akanawa, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, Mama Aneth," halafu akarudi kukaa barazani. Mwanaima akadhani nazi imemkinaisha. Kesho yake akampikia supu, nayo ikarudi jikoni ikiwa imepoa. Akaamua basi kupika vya kwao mzee. Msimu wenyewe ulikuwa umenoga: soko lilijaa majani ya kunde yenye umande, mgagani, maboga machanga, mahindi mabichi na sato kutoka Chato. Akasonga ugali wa mtama, akaunga kunde kwa karanga za kutwanga. Mzee alionja, akasifu, akanawa. Wiki ya pili shati lilianza kumpwaya mabegani.

"Si umuulize Klara wazee wa huku wanapenda nini?" alisema Maduhu.

"Mimi nikamuulize Klara habari za kupika? Kesho mtaa mzima utajua mkwe wangu amenishinda."

"Basi muulize mwenyewe."

"Mkwe hahojiwi kama mwizi wa kuku, Baba Aneth."

Maduhu alimjua mkewe, akaenda zake kazini. Lakini Alhamisi mzee alimwita mwanawe barazani akamwambia, "Nirudishe nyumbani. Jumamosi nitapanda basi." Maduhu alikubali kwa shingo upande, akamsaidia kufunga begi.

Habari hizo zilimkuta Mwanaima jikoni. Mzee aliyeshindwa kula penye masufuria yaliyojaa angekula nini kule pasipo na mtu wa kumwashia moto? Alijua pia kwamba ukoo ungesema mke wa pwani amemshindisha mzee wao njaa. Hata hivyo, lililomuuma zaidi halikuwa maneno ya ukoo. Alikuwa amempenda yule mzee, na aliogopa kwamba akipanda lile basi hatarudi tena.

Ijumaa asubuhi alijifunga kanga, akaenda barazani, akapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

"Baba, watu wananiita mpishi, lakini kwako nimeshindwa. Naomba uniambie, chakula changu kina kasoro gani?"

"Hakina kasoro. Hata marehemu mama yenu hakuunga kunde namna ile, Mungu anisamehe."

"Sasa mbona huli?"

"Nile na nani?" Mzee alijibu taratibu. "Kwetu wanaume hula pamoja kwenye shikome, pale penye moto wa uani, mikono yote katika sahani moja. Anayepelekewa chakula chake peke yake, kimefunikwa, watoto wamefukuzwa, huyo ni mgonjwa wa kuambukiza. Nikajisemea, labda wameniona na ugonjwa ambao hawajaniambia. Tonge haliteremki, mama, ukiwa na mawazo hayo."

Mwanaima alihisi aibu na nafuu kwa pamoja. "Kwa nini hukusema, baba?"

"Mgeni hawapangii wenyeji pa kulia. Nawe hukuuliza."

Siku hiyo Mwanaima hakutandika meza. Jua lilipoanza kuinama aliwasha moto uani, akapanga vigoda kuuzunguka, akamwita Maduhu atoke mapema kwenye makarasha. Alipita kwa Klara akaomba mumewe, Donatus, aje kula na mzee, na bila haya akamweleza sababu. Klara alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaja na kibuyu cha maziwa kumwonyesha jinsi ya kupoza uchungu wa mgagani. Ugali mmoja mkubwa ukawekwa katikati, pamoja na sato wa kuchoma na ule mgagani, na wanaume na wavulana wakanawa. Wanawake walikula upande wa jikoni, sikio likiwa uani. Mzee Masele alikula, akasimulia habari za ng'ombe, akamkemea Donatus kwa kumega matonge makubwa, akala tena. Ugali ulipokwisha, yeye ndiye aliyeomba mwingine.

Jumamosi asubuhi Maduhu alibeba begi hadi uani. Alimkuta baba yake ameketi mbele ya moto anageuza mahindi mabichi, wajukuu wakisubiri kwa mate ya uchu.

"Baba, basi litatuacha."

"Basi la kwenda wapi?" aliuliza mzee bila kugeuka. "Rudisha hilo begi ndani. Halafu mwambie Mama Aneth leo aongeze unga, jana Donatus alinizidi."

Mwanaima aliyasikia hayo akiwa jikoni. Alichukua kile kitambaa cheupe cha mezani, akakichana vipande viwili, vikawa vya kuepulia sufuria. Tangu siku hiyo, kila mgeni aliyeingia kwake aliulizwa kwanza angependa kulia wapi na kula na nani, na hakuna aliyemwona Mwanaima kuwa mpishi mdogo kwa hilo. Ama kweli, kuuliza si ujinga.