Mkondo Aliyepita Mlango

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri basi, na mwenye kukohoa amalize kukohoa.

Hapo zamani za kale palikuwa na bahari mbili, moja ya joto na moja ya baridi, na kati yake rasi ya mawe. Katika ile ya baridi aliishi Bi Pweza. Mayai yake yalining'inia pangoni, lakini hayakuanguliwa, maana baridi ilizidi. Akatuma ujumbe kwa Mkondo, mchukuzi wa maji ya joto, amletee kidogo tu, kama jirani anavyoomba kaa la moto.

Mkondo akakubali. Sifa zilikuwa zimempanda kichwani, kwani bahari nzima ilimwita Mwenye Mbio.

Siku ya kwanza akaja mbio, mbio, mbio! Alipofika kwenye rasi akashindwa kukata kona. Akapitiliza, akazunguka huko mbele, akarudi kwao na maji yake yote. Bi Pweza hakupata hata tone.

Siku ya pili Bi Pweza akamwomba apunguze mwendo. Lo! Wa kuambiwa hivyo ni yeye? Mkondo akaona ametukanwa, akaongeza nguvu, mbio, mbio, mbio! Akapitiliza mbali kuliko jana. Mayai mawili yakaoza, na Bi Pweza aliumia moyo, asikwambieni mtu.

Siku ya tatu hakubishana naye. Alikwenda kukaa kwenye jiwe la mwisho la rasi, akamngoja.

"Shikamoo, mzee Mkondo."

Mkubwa akiamkiwa hana budi kuitikia. Mkondo akapunguza kidogo. "Marahaba."

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na mama yao, lile goti limepona?"

Kila jibu lilimpunguzia mwendo. Maji yakaanza kukata kona, yakamegeka mapande ya mviringo, yakabingirika taratibu upande wa baridi. Walipofikia habari za mashemeji, pango zima lilikuwa vuguvugu.

Bi Pweza akarudi mbio kwa mayai yake. Yakapasuka moja baada ya jingine, na watoto wakatoka. Alicheka huku analia.

Mkondo alibaki ameduwaa. "Kumbe leo nimefika," alisema, "na wala sikukimbia."

Basi wanangu, mwenye mbio nyingi huupita mlango aliotumwa. Na mkubwa ukitaka akusikilize, anza na salamu.

Ngano yangu nimeifikisha. Aliyeipenda aende nayo kwao, asiyeipenda aniachie, mimi bado naipenda.