Oili ya Kila Gari

Bwana Shemweta, muuza spea wa Tanga, aliuza oili moja ya giaboksi kwa kila gari, kama mganga wa stendi mwenye dawa moja ya jino na ya mapenzi. Siku moja wateja walijaa kaunta, kila mtu na kopo lake la oili hiyo.

Bi Kidawa, msambaza samaki, akauliza, "Hata gari langu la otomatiki, kizee kama lako? Giaboksi ikifa, samaki wangu wataoza."

"Hasa hicho kizee! Gari ni gari, mama. Chukua, acha maneno."

Bi Kidawa akalipa, akatoka. Punde akarudi mikono mitupu, anatabasamu.

"Bwana Shemweta, kwa wema wako nimekupa zawadi. Fundi wangu yuko chini ya gari lako, anakutilia ile oili."

Shemweta aliruka kaunta, kofia ikabaki nyuma. "Mwambie aache! Ataniulia giaboksi! Gari la zamani halivumilii takataka hii!"

Alipoinama chini ya gari lake, alimkuta paka amelala.

Aliporudi dukani, kaunta ilikuwa imejaa makopo yaliyorudishwa.

"Haya," alisema Bi Kidawa, "sasa nipe ile unayotia kwenye gari lako."