Lubaba na Maumivu Aliyoyaficha

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji wa Wasit aliishi mwanamke mchamungu aitwaye Lubaba, mke wa Hilali, mshonaji wa matandiko ya ngamia. Lubaba akiwasomesha Qurani mabinti wa mtaa wao, na kwa haya yake wanawake wote wakimtolea mfano.

Mola wake akamjaribu. Asubuhi moja, akijitahirisha, aligusa uvimbe kwenye sehemu zake za siri, mdogo kama kunde. Siku ya tatu ulikuwa kama tende, wa moto, unapwita. Hakuweza tena kukaa. Akawa anasomesha amesimama, ameegemea ukuta, na katika swala akishuka kusujudu huku ameuma midomo. Kumtajia mtu jambo lile, hata mumewe, aliliona sawa na kuvuliwa nguo sokoni.

Hilali akaona mkewe hali naye tena chakula mkekani, na kila akimsogelea humkwepa. Baada ya swala ya Alasiri akamwuliza kwa upole:

"Ewe Lubaba, miaka kumi na minne hujawahi kunipa kisogo. Nimekukosea nini, nikutake radhi?"

"Hujanikosea lolote, mume wangu. Ni uchovu tu."

Hilali akarudi barazani kwenye kazi yake. Baadaye Lubaba akamchungulia mlangoni, akamkuta ameshika sindano bila kushona, anajifuta macho kwa kiganja. Hilo likamwuma kuliko uvimbe. Akasema moyoni: "Nawafundisha watoto wa watu kusema kweli, nami nimemwongopea mtu anayeniomba radhi kwa kosa asilolitenda!"

Akatoka, akasimama nyuma yake, akageukia ukuta ndipo akaweza kumweleza. Sauti ilimtetemeka kwa aibu na kwa homa.

Hilali akaweka sindano chini, akamgusa paji la uso. "Subhanallah! Yote haya umeyabeba peke yako?"

"Niliona aibu."

"Mwili wako ni amana, nami niliipokea amana hiyo nzima, si nusu yake."

Akambandikia maji ya moto kwa mikono yake, kisha akaenda mbio kumwita mkunga wa mtaa, bibi mzee aitwaye Ummu Nusaiba. Mkunga akaingia chumbani na Lubaba, akamtazama, akamwambia:

"Binti yangu, hili ni jipu la mlangoni mwa uzazi. Huwapata wanawake wengi, wema na wasio wema. Si adhabu wala uchafu. Lakini umechelewa, homa imeshaingia. Mwezi wa Rajabu nilimwosha maiti mwanamke aliyeficha kama wewe."

Akataja jina la Mwenyezi Mungu, akalipasua kwa kijembe alichokipitisha motoni. Usaha ukatoka. Lubaba aliuma ncha ya shela yake, kisha akalia, maana maumivu yalikuwa yamepungua.

Aliagizwa kukalia maji ya vuguvugu yenye chumvi asubuhi, mchana na jioni kwa siku saba. Kila mara Hilali alileta beseni, akaliweka nyuma ya pazia, akaketi upande wa pili akisoma Qurani kwa sauti ya chini, ili mkewe asikie kwamba hayuko peke yake.

Siku ya nane Lubaba aliketi na wanafunzi wake, akafungua kitabu cha fiqhi kwenye mlango wa tahara, yaani somo la usafi wa mwili, ambalo siku zote alilipita haraka. Safari hii akawaeleza yaliyompata, masikio yakimwaka moto.

"Mkiona uvimbe au maumivu huko," akawaambia, "mwambieni mama, au mkunga. Msisubiri."

Wenziwe walipoondoka, binti mmoja, Raihana, aliyekuwa aolewe baada ya siku kumi, akabaki amelishika pindo la nguo ya mwalimu wake.

"Mwalimu," akasema akilia, "mimi ninao uvimbe kama huo, huu ni mwezi wa pili."

Lubaba hakumhoji zaidi. Alijitanda shela, akamshika mkono, wakaenda pamoja kwa Ummu Nusaiba saa ile ile.

Enyi ndugu zangu katika imani, haya, yaani staha, ni pambo la muumini, na Mwenyezi Mungu atujaalie tusiivue. Lakini iliyomfunga mdomo Lubaba ilikuwa hofu, naye akaidhania kuwa ni haya. Aliyekiumba kiungo hicho ndiye aliyeumba uso, wala hakuona aibu kukiumba. Basi mwenye kuumwa na aseme, na mwenye kuambiwa na asikilize kwa huruma.