Karamu ya Digidigi kwenye Kiwanja cha Kiboko

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na nyumba, na majirani, na midomo mirefu kama yenu, aliishi mama mmoja akiitwa Digidigi. Wewe wa nyuma, acha kunyofoa mkeka wa watu, mimi sirudii. Digidigi mnamjua? Ni yule paa mdogo kuliko paa wote, miguu kama vijiti vya mishikaki, macho makubwa kama mtu aliyeamshwa kwa kelele. Upepo ukizidi, hujishikiza kichakani.

Huyo ndiye aliyekuwa akitunza bustani ya kijiji. Si bustani ya mchicha, la. Ilikuwa na kila mmea wa nchi ile: mwarobaini wa homa, mkunazi wa tumbo, mvumbasi wa kufukuza mbu, mkwaju, mzambarau, mkuyu, na majani mengine ambayo hata wazee walishayasahau majina. Ilikuwa bustani ya wote. Tembo akivimbiwa, mbio, anakuja kuchuma. Nyani akipata homa, anakuja kubandua magome. Kiboko akiumwa jino, hodi hodi mlangoni: "Mama Digidigi, nipatie kijani kidogo, nakufa."

Wa kuchuma walikuwa kijiji kizima. Wa kumwagilia alikuwa mmoja.

Basi bustani ikajaa. Mche ukamkalia mwenzake kichwani, mvumbasi ukakosa jua, mkunazi ukaanza kukauka upande. Pembeni palikuwa na kiwanja kitupu, kigumu kama ukoko wa sufuria. Digidigi alikitaka, bustani ipate kupumua. Lakini Kiboko naye alikitaka, achimbe dimbwi la kugaagaa. Na dimbwi likichimbwa pale, matope yataingia bustanini, mizizi ioze, dawa za kijiji ziishe. Digidigi alipofikiria hilo, usingizi ulimruka.

Wakaenda barazani kwa Tembo, mwenyekiti.

"Sikilizeni," akasema Tembo, na masikio yake yakapiga papa! papa! "Baada ya mvua za vuli nitakuja kukitazama hicho kiwanja. Nikikuta pamepandwa, ni pa bustani. Nikikuta patupu, ni pa Kiboko. Na kama sheria ya babu zetu isemavyo, mche ukishaota hapo haung'olewi. Nani anaunga mkono bustani?"

Wewe! Walinyoosha mikono, walinyoosha mikia, walinyoosha hata wasichojua wananyoosha.

"Bustani ni yetu sote!" akapayuka Nyani juu ya tawi. "Mama Digidigi, tupo pamoja!"

"Tupo pamoja!" wakaitikia wote, na makofi, pwa pwa pwa!

Digidigi alirudi nyumbani anarukaruka. Maskini. Alikuwa bado hajajua kuwa "tupo pamoja" ni maneno ya mtu anayetaka kwenda zake.

Akaitisha msaragambo. Akapita nyumba kwa nyumba: kesho asubuhi, kila mtu na jembe lake, tukachimbe mashimo. Asubuhi ikafika. Digidigi peke yake. Jua likapanda. Digidigi peke yake, na inzi.

Akaenda kwa Nyani. Akamkuta amelala chali, anajikuna tumbo.

"Nyani, msaragambo!"

"Nipo njiani, shemeji!"

"Uko njiani wapi? Nakuona umelala!"

"Mwili umelala. Moyo nimeshautanguliza huko. Hujauona?"

Akaenda kwa Tembo.

"Mzee, wewe ndiye mwenyekiti. Nikopeshe hata hizo pembe zako, dakika tu, ardhi ni ngumu."

"Mwanangu, mguu," akasema Tembo, akaunyanyua mmoja. "Unaniuma huu."

"Pole, mzee."

"Tena na huu," akanyanyua mwingine. "Lakini tupo pamoja, eh? Tupo pamoja sana."

Njiani akapishana na Kiboko, amejaa barabara nzima.

"Ha! Kamama ka bustani!" Kiboko akacheka, boho boho boho! "Umechimba mangapi? Kwa hako kakwato kako kama punje ya kunde, utamaliza kesho kutwa ya Kiyama!"

Na kweli, kwato za Digidigi zilikuwa punje za kunde. Alirudi kiwanjani akakwangua, kwa, kwa, kwa, mpaka ukwato mmoja ukapasuka, na shimo alilopata halikutosha kuzikia panzi. Akakaa chini. Akatukana kidogo, maneno ambayo siwaambii.

"Watu hawa! Wanachuma kama nzige, wanashangilia kama harusi, ukiwaita kazini wana miguu mibovu! Penye wengi hapaharibiki neno, nani alisema? Penye wengi hapafanyiki neno!"

Jioni akatokea Kobe, jembe mgongoni, anahema.

"Nimechelewa?" akauliza Kobe.

"Msaragambo ulikuwa asubuhi, kaka."

"Lo. Na mimi niliondoka jana."

Digidigi akamtazama. Katika kijiji kizima, aliyekuja ni yule asiyeweza kufika. Alitaka kulia, akacheka kwa hasira.

Sasa sikilizeni vizuri. Kesho yake Digidigi alitoka kuzoa samadi. Katika njia ya Tembo akakuta rundo kavu la tangu mvua zilizopita. Ndiyo, mavi ya tembo. Mnacheka nini, kwani nyie hamwendi? Juu ya rundo lile palikuwa na kimche kimenyooka, majani mabichi, hakuna aliyekipanda, hakuna aliyekimwagilia. Mkwaju!

Digidigi akainama, akauchungulia. Akauzunguka. Akanusa.

"Kumbe!" akasema. "Kumbe mnafanya kazi hata mkiwa mmelala, washenzi wakubwa nyie!"

Akarudi nyumba kwa nyumba. Safari hii hakutaja jembe.

"Kaka Kiboko," akasema, sauti ya chini, ukwato uliopasuka ameuweka mbele uonekane vizuri. "Nimechoka. Ardhi imenishinda, kiwanja chukua. Nataka nikuandalie karamu palepale kiwanjani. Matunda ya bustani yote nitayatoa. Zambarau, makuyu, kunazi, ukwaju."

"Sasa umekua!" akasema Kiboko, mate yanamtiririka. "Na watu wengine?"

"Wote. Karamu ni watu."

Wee! Neno la karamu halina mguu mbovu. Alfajiri haijapambazuka, kiwanja kimejaa. Tembo alikuja anatimka, di! di! di!

"Mzee, na ile miguu?" akauliza Digidigi.

"Miguu gani?" akasema Tembo, na mkonga ukiwa tayari kwenye kapu.

Nyani naye, yule wa moyo kutangulia, safari hii alitanguliza tumbo. Akatia zambarau mdomoni, akafyonza, akataka kutema kokwa.

"We!" Digidigi akamrukia. "Kwenu mnatema kokwa mbele ya mwenye chakula? Ndiyo kuniambia matunda yangu mabaya?"

Wote wakamgeukia Nyani. Na kweli, desturi ya kule ilikuwa hiyo: ukitema mbele ya mwenyeji, umemtukana.

"Nilikuwa napiga chafya tu, shemeji," akasema Nyani, akameza, gudu!

Wakala. Fyo! Nyam! Gudu! Kokwa zote zikaenda tumboni. Kapu likiisha, Digidigi analeta jingine. Mpaka matumbo yakawa ngoma, mtu akijaribu kusimama anarudi chini.

"Asante, tumekula," akasema Tembo. "Sasa twende."

"Muondoke bila hotuba ya shukrani? Mzee, wewe mwenyekiti mzima?" akasema Digidigi. "Nimemwomba Kobe aseme machache."

Kobe akapanda juu ya jiwe. Hiyo peke yake ilichukua muda wa kupika maharage.

"Ndugu... Mwenyekiti," akaanza Kobe. Akapumzika. "Nd... ugu... wageni... waalikwa."

Jua likazama Kobe yuko kwenye salamu. Desturi nayo haimruhusu mgeni kuondoka hotuba haijaisha, basi wakalala palepale, wanakoroma. Jua likachomoza, Kobe anasema, "Kabla sijaanza..."

Hapo matumbo yakaanza kunguruma. Guru! Guru guru! Tembo akahama mguu huu, akahama huu. Nyani akabana mkia.

"Mama Digidigi," akanong'ona Tembo, "haja... pana kichaka karibu?"

"Aa, mzee, msiingie bustanini. Na hiki kiwanja nacho ni cha kaka Kiboko, siwezi kuwapa ruhusa ya mali ya mtu. Ingawa," akasema taratibu, Kiboko akisikia, "chenyewe hakina alama yake hata moja. Mpitaji anaweza kudhani ni cha Nyani."

"Cha nani?" Kiboko akainuka, bwaa! "Hakina alama? Mimi? Tazameni alama!"

Sasa, desturi ya ukoo wa Kiboko mnaijua. Wenzenu wakitaka kuonyesha mpaka huchomeka mti. Kiboko hugeuza matako, akaanza kuzungusha mkia kama pangaboi, na yote yanayotoka yanaruka huku na huku. Pwata! Pwata! Pwata! Kona hii, pwata! Kona ile, pwata! Katikati napo, wasije wakasema. Hakuacha hata shubiri moja.

"Nani mwenye kiwanja?" akanguruma.

"Wewe, baba!" wakalia wote, wamejibana hawana hali.

"Basi ruksa! Jisaidieni, wageni wangu!"

Mungu wangu. Pu! Pu! Pu! Tembo peke yake alimaliza upande wa mashariki. Nyani akamalizia vijipenyo.

"Oh, sasa mwili mwepesi!" akasema Tembo.

"Mwili mwepesi ni wa kucheza!" Digidigi akadakia. "Kaka Kiboko kapata kiwanja, hakuna ngoma?"

Wakacheza. Di! Di! Di! Mguu wa tembo ukitua, ule ukoko unapasuka, kra! Wakaponda, wakakoroga, wakafukia. Kazi ambayo ingemmaliza Digidigi na vizazi vyake, ilikwisha wanacheka. Na yeye kasimama pembeni, anapiga makofi.

"Tupo pamoja!" akawaambia, akaiahirisha hotuba ya Kobe, wageni wakaenda zao.

Mvua za vuli zikanyesha, shaaa. Kiboko akawa mtoni, maji yamejaa, hana habari na nchi kavu. Zilipokatika, akaja kwa Tembo akijitanua. "Mzee, twende unikabidhi."

Wakaenda, kijiji kizima nyuma. Kufika, Kiboko akakaza macho, akayafumba, akayafumbua.

Kijani kitupu! Mizambarau, mikwaju, mikunazi, mikuyu, kona hii mpaka kona ile, hakuna pa kuweka mguu.

"Nani kapanda?" akanguruma Kiboko. "Hako kakwato hakawezi!"

"Hakawezi kweli," akasema Digidigi. "Ulipanda wewe, kaka. Ile alama yako, ndiyo hiyo imetoa majani."

Nyani akaelewa, akaanguka kutoka tawini kwa kucheka, puu!

"Si kupanda huko!" Kiboko akapiga kelele. "Nilikuwa... nilikuwa naweka mpaka!" Halafu akajiona kapata akili. "Ngoja! Kama nilipanda mimi, basi pangu!"

"Mzee Tembo," akasema Digidigi, "ulisema ni pa aliyepanda? Au ulisema pakiwa pamepandwa?"

Tembo akakuna sikio. Alimwogopa Kiboko, ila maneno yake yalisikiwa na watu wengi. "Nilisema pakiwa pamepandwa, ni pa bustani," akasema. "Na mwenyewe Kiboko amekiri pamepandwa. Basi ni pa bustani. Na mche haung'olewi."

Kiboko akageuka kwa kishindo. Akarudi mtoni na matusi yake, blu, blu, blu.

Mnadhani wengine waliona aibu? Aibu wanaitolea wapi?

"Ule mche wa mkwaju ulionenepa pale ni wangu," Tembo akaanza kuwaonyesha watu kwa mkonga. "Upande wote wa mashariki ni mchango wangu."

"Na huu mkunazi wangu!" akadakia Nyani. "Nimeupanda kwa jasho langu!"

"Jasho!" akasema Digidigi. "Jasho lilitokea wapi, Nyani? Hebu tuonyeshe lilipotokea."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini kesho yake asubuhi Tembo alikuja na mkonga umejaa maji, kumwagilia mkwaju "wake". Nyani akaja kuzungushia mkunazi "wake" miiba, maana alimshuku jirani. Kila mmoja akawa na mche wa kujivunia, na bustani ikawa na walinzi wengi kuliko watoro. Digidigi akawaacha wajisifu. Angefanyaje, mradi maji yanamwagwa?

Siku hiyo ndipo Kobe naye alipofika tena kwenye jiwe lake, aimalizie ile hotuba, akakohoa. "Na kwa... kumalizia..."

Wakakimbia wote.

Hadithi yangu imeota hapo, asiyeitaka asiimwagilie. Na ninyi mkumbuke: usimhesabu anayesema "tupo pamoja", mhesabu aliyeacha kitu shambani, hata kama alikiacha kwa kubanwa.